Steringi wa Kike: Mwongozo Kamili wa Kushuti Filamu ya Mapigano kwa Bajeti Ndogo

Mtazamaji wa banda umiza hana haja ya kuambiwa bajeti yako. Dakika ya kwanza tu anaona ngumi imepita hewani, na anaona steringi kashawalaza watu wanane huku nywele zimelala vilevile kama ametoka saluni. Filamu ikiwa na steringi wa kike, kosa hilo linauma zaidi, maana mtazamaji amekaa akisubiri kuona kama huyu dada anaweza kweli. Anayemfanya aamini ni dada anayepigwa, anahema, anashika ukuta, anasimama tena na mkono bado unatetemeka. Vitu hivyo havinunuliwi kwa fedha nyingi. Vinataka mazoezi, pedi za magoti na sauti iliyorekodiwa vizuri, na huko ndiko bajeti ielekee.

Mwongozo huu ni wa filamu fupi ya dakika 20 hivi, watu 12 kwenye lokesheni, siku 5 za kushuti, Dar es Salaam. Tuchukulie una shilingi milioni 3. Chakula na nauli za watu 12 kwa siku 5, kila mtu 15,000 kwa siku, ni 900,000. Mazoezi ya watu 5 kwa siku 8, kila mtu 8,000, ni 320,000. Pedi na magodoro 200,000. Sanduku la huduma ya kwanza 80,000. Nguo na vipodozi 250,000. Kukodi kamera, taa na maiki 700,000. Diski mbili za kuhifadhia 250,000. Zilizobaki, 300,000, ni akiba, na usiiguse kabla ya siku ya tatu. Ada za vibali ziko nje ya hesabu hii, ziulizie mapema. Wengi hukata fungu la mazoezi ili wakodi kamera kubwa zaidi, na matokeo yake kamera hiyo inaonyesha kwa uwazi kabisa kwamba waigizaji hawajui kupigana.

Hatua ya 1: Andika mapigano matatu tu

La kwanza anashindwa. La pili anashinda kwa bahati na anaumia. La tatu anashinda kwa kutumia kitu alichojifunza alipopigwa mara ya kwanza. Kila pambano lisizidi sekunde 90, na kwa sekunde hizo panga mapigo 25 hadi 30, ukiyagawa katika vipande vya mapigo 4 hadi 6. Baada ya kila kipande lazima hali ibadilike: silaha imedondoka, mlango umefungwa, mtu ameumia mguu. Kipande kisichobadilisha kitu, kifute.

Chagua kazi ya steringi kabla ya kuchagua mapigo yake. Mama lishe anayebeba sufuria la kilo 20 kila alfajiri ana mgongo na mikono ya kweli. Fundi wa gereji anajua uzito wa spana. Kuli wa sokoni anajua kusukuma kwa bega. Adui awe mzito kuliko yeye, hivyo steringi asishindane naye ngumi kwa ngumi. Mpe kiwiko, goti, mtama, chenga, na vitu vilivyo karibu na mkono wake.

Mfano wa kipande kimoja, jikoni kwa mama lishe, adui ana panga la mbao lililopakwa rangi ya fedha. Steringi ana khanga kiunoni. Anaifungua na kuikunja kwa urefu iwe kama mkanda, mikono miwili ikiishika kwa upana wa mabega. (1) Adui anakata kutoka juu kulia. (2) Steringi anatoka nje ya mstari kwa mguu wa kushoto na kuupokea mkono wa adui kwa khanga, kwenye kifundo. (3) Anaizungusha mara moja tu. (4) Anashuka kwa uzito wake wote huku akigeuza nyonga, na adui anafuata chini. (5) Kiwiko kwenye taya, ambacho kinapita pembeni. (6) Goti tumboni, juu ya pedi. Khanga isifungwe fundo, wala isipite shingoni kwa mtu yeyote. Na ifue mara mbili kabla ya mazoezi: khanga mpya ina wanga, inakakamaa na kuteleza, haishiki mkono.

Hatua ya 2: Vibali, na neno lisilotamkwa

Tanzania, filamu inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, ambayo inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1976. Kenya mambo ya uainishaji, yaani kupanga filamu kwa umri wa watazamaji, yako kwa KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu. Droni ina kibali chake, Tanzania kwa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Baada ya hapo nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kituo cha polisi cha eneo lile, ukiwa na barua inayotaja tarehe, saa, mtaa, na orodha ya silaha bandia zenye picha zake. Barua zisizotaja saa ndizo zinazoleta mgambo katikati ya sini.

Hatari kubwa ya mapigano ya mtaani ni wapita njia. Usithubutu kumpa mwigizaji akimbie uchochoroni huku mwingine anapiga kelele "Mwizi!" Watu watatoka na mawe na fimbo, na hawatauliza kama kuna kamera. Sini ya namna hiyo ishuti bila sauti, mwigizaji achezeshe midomo kwa neno jingine, na kelele za "mwizi" zirekodiwe baadaye chumbani. Kabla ya kila kukimbia, mtu mwenye kipaza sauti atangaze mtaani, mjumbe asimame mahali anapoonekana, na watu wawili wenye fulana za rangi kali wazuie kila mwisho wa uchochoro. Steringi akiwa mwanamke anayekabwa na wanaume watatu, tahadhari ni ileile: kuna mpita njia mwema atakayekuja kumwokoa kwa tofali.

Hatua ya 3: Mazoezi ya siku 8

Siku mbili za kwanza ni kuanguka tu, juu ya magodoro. Kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, pumzi itoke wakati wa kugusa ardhi, mkono upigwe chini ukiwa umefunguka kama digrii 45 kutoka mwilini. Asiyeanguka vizuri kwenye godoro hataangushwa kwenye saruji. Huu ni mpaka, usijadiliwe.

Siku ya tatu na ya nne ni umbali. Ngumi inapita sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, na kamera ndiyo inayoufuta mwanya huo. Kabla ya kila pigo wawili wanatazamana machoni. Anayepigwa akitikisa kichwa kidogo kukubali yuko tayari, asipotikisa pigo halitoki. Anayepokea ndiye anayeuza pigo: kichwa kinageuka, bega linafuata, kisha mguu. Wanaoanza hugeuza vyote kwa pamoja na wanaonekana kama mlango.

Kuvutwa nywele na kupigwa roba kunahitaji umakini wa pekee, maana filamu nyingi humfanyia steringi wa kike hivyo. Mwenye kuvuta anaweka ngumi iliyofungwa juu ya kichwa, bila kushika hata unywele. Anayevutwa anaushika mkono huo kwa mikono yake miwili, anaukandamiza kichwani mwake, na yeye ndiye anayesogea. Mwenzake anamfuata tu. Roba nayo, kiwiko cha anayekaba kiwe mbele ya kidevu, nguvu ielekee kifuani, koo liwe huru. Anayekabwa akigonga mara mbili popote, kila mtu anaachia, kamera ikiwa inakwenda au la.

Kubalianeni pia, kabla ya siku ya kwanza, ni wapi anaguswa na wapi haguswi, na nguo ipi akiivaa mguu ukinyanyuka haitamwaibisha. Iandikwe kwenye karatasi, asaini yeye na mwongozaji. Mwigizaji mwenye wasiwasi na sketi yake hawezi kurusha teke.

Siku ya tano mapigo yote kwa robo ya kasi, ya sita nusu, ya saba robo tatu. Hapo usizidi. Siku ya nane, rekodi pambano lote kwa simu, kwenye lokesheni yenyewe, liunganishe usiku huohuo, na uone panapolegea. Zoezi hilo moja huokoa nusu siku ya kushuti.

Hatua ya 4: Nguo, viatu, nywele

Mitumba ni mizuri kwa kila mtu isipokuwa steringi. Yeye anahitaji nguo tatu zinazofanana kabisa, moja safi, moja yenye damu, moja ya akiba au ya anayeanguka badala yake, na kwenye mitumba hupati tatu sawa. Mnunulie fulana za rangi moja dukani, Kariakoo, uzichakaze mwenyewe kwa msasa na chai ya rangi. Rangi ya kijivu au kaki inaonyesha jasho na damu. Nyeusi inameza vyote viwili.

Suruali iwe pana kutosha kuficha pedi za magoti na za nyonga. Viatu viwe bapa, soli ya mpira. Ukitaka buti, lijaribu kwenye sakafu yenye maji kwanza. Nywele zisukwe, twende kilioni ni salama na zinabaki zilezile kwa siku 5 zote. Wigi litaruka kwenye pigo la tatu, na rasta ndefu humchapa mwenzake machoni. Hereni, pete na kucha za bandia zinatolewa kabla ya mazoezi, si kabla ya kushuti.

Hatua ya 5: Damu na majeraha

Pika shira: vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji, hadi iwe nzito kama ya kaimati, kisha iache ipoe. Kwa kila kikombe cha shira tia vijiko viwili vya chai vya rangi nyekundu ya chakula na nusu kijiko cha kakao. Kakao ndiyo inayoondoa ule wekundu wa juisi. Tengeneza mbili: ya mchana iwe na kakao zaidi, ya usiku iwe nyekundu zaidi, kwa sababu chini ya taa hafifu damu nzito inaonekana kama oili chafu. Inayomwagwa kwenye nguo tu, iongezee kijiko cha sabuni ya maji ili ifulike. Hiyo isikaribie mdomo wala macho. Sukari huita nzi na sisimizi ndani ya dakika chache, kwa hiyo chupa ifunikwe na mwigizaji asilazwe chini muda mrefu. Ijaribu ngozini siku moja kabla, maana rangi nyingine huganda hadi kesho yake.

Damu ya mnyama usitumie. Studio ya Wakaliga jijini Kampala, Ramon Film Productions ya Nabwana Isaac, ilianza na damu ya ng'ombe, ikaiacha baada ya mwigizaji kuugua, ikahamia rangi ya chakula. Kwao pia kuna funzo la risasi bila baruti: kondomu yenye damu hufichwa chini ya shati, imefungwa mshipi wa kuvulia samaki, na mtu aliye nje ya fremu anauvuta hadi ipasuke. Tia mililita 30 hadi 50, zaidi ya hapo inaning'inia na kuonekana. Nyuma yake weka kipande cha plastiki ngumu, na shati ulikwangue kwa wembe upande wa ndani bila kulitoboa, la sivyo kitambaa kitabaki kizima na damu itateremka tumboni. Kwa jeraha linalovuja polepole, tumia sirinji ya mililita 60 na mrija mpya wa dripu uliopitishwa ndani ya mkono wa shati. Baruti na fataki mwilini, hapana.

Kwenye ngozi nyeusi, jeraha la rangi nyekundu nyepesi linaonekana kama rangi ya midomo iliyopotea njia. Anza na zambarau iliyokolea na maruni, kahawia kingoni, halafu tone la glisirini juu ili sehemu iliyovimba ing'ae. Jasho ni glisirini na maji nusu kwa nusu kwenye chupa ya kupulizia.

Chora uso wa steringi kwenye karatasi, uonyeshe jeraha gani linaingia sini ipi, na mpige picha kila mwisho wa siku kwa kamera ya nyuma ya simu. Baadhi ya simu huigeuza picha ya selfi kama kioo, na mpambaji akiifuata, kidonda cha nyusi ya kushoto kesho yake kinahamia kulia.

Hatua ya 6: Silaha na vitu vya kuvunjika

Bunduki halisi isiingie lokesheni, hata ikiwa tupu, hata ikiletwa na askari rafiki yako. Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, Marekani, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na bastola iliyotangazwa kuwa salama, tena kwenye filamu yenye fedha na wataalamu. Tumia ya mbao au plastiki. Mwako wa risasi uongezwe wakati wa kuhariri, fremu moja au mbili (picha moja moja zinazounda video) zinatosha, na mwigizaji atikise bega mwenyewe. Ikiwa haiko mbele ya kamera, silaha bandia inakaa kwenye begi lililofungwa, kwa mtu mmoja anayejulikana.

Kioo cha kuvunja kinapikwa: sukari gramu 400, maji mililita 200, kijiko kimoja cha chai cha ndimu isigande. Chemsha hadi nyuzi 150. Kama huna kipimajoto, dondosha tone kwenye maji baridi. Likivunjika kwa mlio, limeiva. Mimina kwenye trei iliyopakwa mafuta. Kwa unyevu wa pwani kinaanza kunata ndani ya saa chache, kwa hiyo kipike asubuhi ya siku ileile na ukiweke kwenye chombo kisichoingiza hewa. Kingo zake bado zinakata, kisivunjiwe usoni.

Kuanguka kutoka juu kusizidi kimo cha kiuno kama huna mtu aliyefunzwa. Chini panga maboksi matupu tabaka mbili, juu yake godoro, yote yafungwe kwa kamba yasitawanyike.

Hatua ya 7: Kamera na mwanga

Umeme wetu ni wa hezi 50, basi shuti fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Kwenye mapigano panda hadi 1/100, jasho na vumbi vinaonekana vikali na taa hazimeti. Simu nzuri inatosha. Funga mipangilio ya mwanga, fokasi na mizani ya rangi nyeupe isijibadilishe yenyewe, weka hali ya ndege, na ikae kivulini kati ya sini, la sivyo itajizima kwa joto saa sita mchana. Video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Hesabu kadi zako kwa hiyo.

Ngumi inafichwa kwa mstari. Kamera, mkono wa mpigaji na uso wa mpigwaji vikae kwenye mstari mmoja, kamera nyuma ya bega la mpigaji au nyuma ya kisogo cha mpigwaji. Ukisimama pembeni mwanya wote unaonekana. Lenzi ndefu, milimita 50 hadi 85, inaubana mwanya zaidi. Lenzi pana, kama 24, inakuza teke linalokuja kwenye kamera. Kila kipande cha mapigo kishuti kwanza kwa upana, kuanzia kichwa hadi miguu, mara tatu. Kisha engo mbili za karibu. Kisha mikono, miguu, uso. Usitikise kamera ili kuficha udhaifu wa mapigano. Mtazamaji anajua unaficha.

Mwanga mzuri ni saa 12 na nusu hadi saa 3 na nusu asubuhi, na saa 10 hadi saa 12 na robo jioni. Katikati yake fanya sini za ndani. Usiku, taa moja kali nyuma ya waigizaji na moja hafifu pembeni inaleta ukali kuliko taa nne za mbele. Bodaboda ikimbie kilomita 20 kwa saa tu, kamera iwe chini karibu na barabara ndani ya bajaji. Kwenye skrini itaonekana inakwenda mbio.

Kila jioni nakala mbili kwenye diski mbili, zilale nyumba mbili tofauti. Kadi isifutwe kabla ya hapo.

Hatua ya 8: Sauti

Hapa ndipo filamu ndogo inaposhinda au kufia. Tafuta chumba kidogo, tandika magodoro ukutani, na urekodi upya kila pigo. Ngumi ya mwili: piga kabichi kwa ngumi, au taulo lililolowa juu ya kiti cha ngozi. Mfupa: vunja karoti au bua la muhogo karibu na maiki. Mkono unaopita hewani: chapa fimbo nyembamba ya mwanzi. Khanga: itikise khanga yenyewe.

Halafu pumzi. Mwambie steringi apande ngazi mbio mara tatu, kisha arekodi dakika mbili za kuhema, kuguna, kumeza mate, kutema. Rekodi ya mtu aliyekaa anaigiza kuhema inajulikana mara moja, haina mtetemo wa kifua.

Hatua ya 9: Kuhariri

Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, toleo la bure, inatosha. Kwenye kila pigo, toa fremu mbili au tatu kabla ya mkono kufika, ili pigo litue kabla jicho halijaujua umbali. Unapohama engo, rudia fremu mbili za mwendo uleule, jicho linaziunganisha. Weka sauti ya pigo kwenye fremu ambayo kichwa kinaanza kugeuka, na si ile ambayo mkono unafika. Kasi unaweza kuipandisha hadi asilimia 106 au 110; ikizidi 115 khanga na vumbi vinaanguka haraka mno na watu wanaonekana vikaragosi.

Acha angalau shoti moja ya upana kwa kila pambano idumu sekunde 5 bila kukatwa. Ndiyo inayothibitisha kwamba dada anapigana mwenyewe. Na baada ya pigo la mwisho usikimbilie sini inayofuata: mwache kwenye fremu sekunde 8 hadi 10, akitafuta pa kuegemea, akiitazama mikono yake.

Muziki wa Bongo Fleva bila ruhusa ya maandishi unaweza kufanya filamu yako iondolewe YouTube hata kama mwimbaji ni jirani, kwa hiyo patana na prodyuza mdogo akupigie ngoma mpya. Mwisho, itazame mara moja bila sauti, uone kama mapigano yanaeleweka. Kisha isikilize huku umeipa skrini mgongo: ukisikia wazi ni nani anapigwa na ni nani amechoka, ipeleke Bodi ikakaguliwe.